Prof, Mapasa Wake na Neno Simultaneous

Ukikutana na Prof, mwalimu wetu wa Kiingereza, njiani akiwa juu ya baiskeli, usimsalimie kama una haraka. Atafunga breki, atashuka, ataegemeza baiskeli ukutani, atakunja mikono kifuani, ndipo aitikie. Ukimjibu, atasikiliza habari zote hadi ile ya mbuzi wa jirani aliyezaa. Kisha atakuaga, atapanda tena, ataendelea mpaka mtu wa pili amsalimie. Kutoka kwake hadi shuleni kwetu si mbali, lakini ilimbidi aondoke alfajiri. Vijana wa mji wetu, Kasongo, walikuwa na mchezo wa kujipanga kando ya barabara, mmoja hapa, mwingine kule, na kumsalimia kwa zamu. Hakukasirika hata siku moja. Alisema salamu ni kazi na baiskeli ni kazi, basi kila kazi ipewe mtu mzima.

Ndivyo alivyokuwa katika kila kitu. Akinywa chai, redio huzimwa. Akila, haongei, wageni walijifunza kumeza maswali yao pamoja na wali mpaka anawe mikono. Mara moja nilimkuta amesimama kimya uani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nikadhani ameugua. "Nilikuwa navaa kiatu," akaniambia, "kisha nikaanza kuwaza." Methali ya mshika mbili moja humponyoka tuliisikia kwake mara nyingi kuliko kengele ya shule, nasi tuliokuwa nyuma ya darasa tuliimalizia kabla yake.

Na mtu huyuhuyu, katika maneno yote ya Kiingereza aliyotufundisha, alilipenda moja kuliko mengine: simultaneous.

Sijui nani alimtia ugonjwa huo. Programu ya mwaka ilitupa maneno mengi ya kukariri, nalo lilikuwa mojawapo, limebanwa katikati ya mengine kama abiria wa mwisho. Walimu wengine wangeliandika ubaoni, wakaweka Kifaransa chake pembeni, wakapita. Prof alifuta ubao wote, akaliandika katikati, peke yake, kisha akarudi nyuma kulitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Hii neno iko na tumbo ya Kilatini," akasema. Kilatini alikipata ujanani kwa padri mmoja mzee, aliyemfunza kuitikia misa na kutunza mishumaa. "Simul. Maana yake pamoja, kwa mara moja. Wafaransa balisema simultané. Waingereza balivuta kwao, balishonea mukia murefu. Inasemekana mukia ile baliiga kwa neno ingine, instantaneous. Hata ensemble yenu, ile munaimba kila siku kwa korali, ilitokea mule mule kwa simul."

Tulishtuka. Ensemble tulidhani ni ya Wafaransa tangu uumbaji.

"Na ukichimba zaidi chini," akaendelea, sauti imeshuka kama anatusengenyea mtu, "kuna muzizi wa zamani sana, maana yake moja. Sasa angalieni kwetu. Pamoja. Ndani yake munaona nini?"

Tukaona. Moja ilikuwa imekaa humo siku zote na hakuna aliyewahi kuisalimia. Prof akacheka peke yake, akatoa leso, akasimamisha kicheko ili afute jasho, kisha akaendelea kucheka.

Katika kulitumia neno hilo alikuwa mkali kama pilipili. Kanuni yake ya kwanza: hakuna kitu kinachokuwa simultaneous peke yake, lazima viwe viwili au zaidi. Ukisema tu kwamba mvua ilikuwa simultaneous, atakuuliza, na nini? Ya pili: watu wa zama moja waite contemporary, kama yeye na babu zetu, lakini simultaneous waachie matendo, mambo yanayotokea. Ya tatu ndiyo iliyotuua: hakuna karibu. Mambo mawili yametokea kwa mara moja, au hayakutokea kwa mara moja. Kwa Prof, aliyefika nyuma kidogo na aliyefika kesho wote wamechelewa.

Mimi nilikuwa hodari darasani na nilijua kwamba ni hodari, hatari kubwa kwa mtoto. Katika mtihani nikaandika kwamba mwalimu aliingia na wanafunzi wakasimama, matendo mawili simultaneous. Nikapata sifuri yenye duara zuri. Nikaenda kulalamika, machozi tayari.

"Mulisimama sababu gani?" akaniuliza.

"Sababu uliingia, Prof."

"Njo vile. Sababu inatangulia, matokeo inafuata. Kama mungesimama mbele sijaingia, hapo ningewaogopa."

Mwenzetu mmoja, mtoto wa muuza nguo wa sokoni, alileta mfano aliodhani hauna kasoro: adhana ya msikiti na kengele ya kanisa, adhuhuri. Prof alifurahi mno. Siku ya pili, saa ilipokaribia, alitutoa darasani wote tukasimama uwanjani, vichwa juu, hakuna kukohoa. Kengele ikalia. Adhana ikafuata, punde tu, muda wa kumeza mate. Tulipiga makofi. Prof akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama tumefiwa. "Kengele imetangulia," akasema, na tukarudi ndani.

Mtu wa namna hiyo angekuwa mzigo kwa mkewe, na kwa kiasi fulani alikuwa. Mama Mapasa, kama tulivyomwita kwa kuwa alizaa mapasa, yaani mapacha, alitwanga sombe, majani ya muhogo, huku anaimba, huku anamkaripia mtoto, huku anapatana bei na mwenye samaki wa mto Lualaba aliyesimama mlangoni, na sombe ikatoka laini. Prof alimtazama kutoka barazani kwa heshima. "Kile miye ninafundisha," aliniambia siku moja, "mama anakifanya." Walipogombana, mama alisema yote aliyokuwa nayo, ya leo na ya mwaka uliopita, naye Prof alingoja kimya mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa ya kujibu la kwanza. Hapo mama alikuwa ameshasahau la kwanza, na ugomvi ukafa kwa kukosa chakula.

Mabinti zao mapasa waliitwa Sifa na Feza. Niliwajua tangu wanatambaa, kwa sababu baada ya shule nilipata kazi ya ualimu hapohapo, nikapanga chumba nyuma ya ua wao, na Prof akanifanya mtoto wa nyumba bila kutangaza. Nilimpenda. Baba yangu nilimzika nikiwa mdogo, na sioni haya kusema kwamba nafasi ile haikubaki wazi.

Kwetu mapasa wana sheria zao. Ukileta kitu, leta viwili, na uvitoe kwa mikono miwili kwa mara moja, huyu na huyu. Ukimpa mmoja kwanza, mwingine anaweza kukasirika, si hasira ya mdomo bali ile ya mwili: anaacha kula, anakonda, wanasema anakauka. Prof, mtu wa kanuni na ushahidi, angetarajiwa kucheka. Hakucheka. Niliona kwa macho yangu akirudi kutoka sokoni mikono mitupu kwa sababu ndara za saizi ile zilibaki jozi moja. Nikamuuliza kama anaamini. Akashusha kikombe chake mezani kwanza. "Siwezi kusema ni kweli," akajibu. "Lakini kujua kama ni uongo, lazima nijaribu kwa mutoto wangu. Weye ungejaribu?"

Mama Mapasa yeye hakuwa na swali. Mama yake mzazi alikuwa pasa. Aliolewa kwanza, akamwacha mwenzake nyumbani, na yule aliyebaki alidhoofika hata mvua za mwaka huo hazikumkuta. Hadithi hiyo mama aliinyonya na maziwa. Alipoisimulia hakulia, aliwatazama tu mabinti zake, mmoja kisha mwingine, kama anayehakikisha bado wapo.

Basi posa ilipokuja, ilikuja na moto. Sifa alikuwa amependana na kijana wa Kabambare, mpole, mwenye duka dogo, aliyewahi kuuza vitu Salamabila kwa wachimba dhahabu akarudi kwao salama na akili zake zote. Feza alikuwa amekubaliwa shule ya uuguzi huko Kindu, ila walipanga aanze baadaye, ili mama asikose watu wote. Familia ya kijana ikafika na jembe, vitenge, chumvi na mbuzi wa kelele, ikakaribishwa uani. Aliyeshika sheria ya siku ile alikuwa shangazi wa mabinti, dada mkubwa wa Prof, mwanamke mwembamba aliyeketi wima hata kwenye kigoda.

"Mapasa baliingia kwa hii nyumba pamoja," shangazi akasema. "Hatuwezi toa mumoja, mwengine abaki. Njo vile tulikuta."

Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa amejiandaa. Akatabasamu. "Shangazi, maneno iko mwepesi. Kijana wetu iko na kaka yake, hana bibi. Mutupe bote mbili, siku moja. Iko mubaya?"

Watu wakaguna kwa kuridhika, maana kweli lilikuwa jibu la haraka, na chakula kilishanukia. Feza akasimama. Wasichana hawasimami katika kikao kama kile.

"Miye siendi," akasema. "Huyo kaka simujue, na yeye hanijue. Niko na masomo yangu."

"Feza!" shangazi akasema.

Mama Mapasa hakumkaripia. Alimshika mkono, na sauti yake ilinikata maini. "Mutoto wangu, miye sitaki mali ya mutu. Nataka uishi tu. Sifa akienda, weye ukabaki hapa, ukaanza kukauka kama mama mudogo wangu, nitafanya nini? Niambie nitafanya nini."

"Basi na miye sitaolewa," Sifa akasema, akaanza kulia, na kule upande wa wageni bwana harusi akainamisha kichwa.

Kila mtu akamtazama Prof. Prof akaomba muda. Wageni walilala kwa jirani, na siku zilizofuata Prof alikuwa anawaza, maana yake hakula. Chakula kilipowekwa mbele yake alikishukuru, kisha akawaza, kikapoa, kikaondolewa. Mashavu yakaingia ndani. Mama Mapasa aliniambia kwa hasira na mapenzi kwamba sasa anayekauka ni mume wake. Nilimwona Prof akizunguka ua, mikono nyuma, akisimama kila kuku alipompita. Najua hofu yake ilikuwa nini, kwa sababu aliniambia: akimpa Feza kwa mtu asiyempenda, atakuwa amemuua polepole ili asife haraka, akimwacha abaki, mkewe hatalala tena maisha yake yote.

Kikao kilipoitwa tena, alinawa uso, akaketi, akamgeukia dada yake.

"Dada, unifundishe sawasawa. Mama yetu alisema nini? Mapasa baolewe pamoja, ao batoke pamoja?"

Shangazi alitazama chini, midomo yake ikitembea, kama anayemsikiliza marehemu mama yake akisema upya. "Batoke," akasema mwishowe. "Mulango moja, saa moja. Alisema hivyo. Habari ya kuolewa tulitia sisi, sababu zamani mutoto mwanamuke alitokea nini ingine?"

"Basi batatoka," Prof akasema. "Sifa aende Kabambare kwa bwana yake. Feza aende Kindu kwa masomo. Mulango moja, saa moja. Hakuna mwenye kubaki."

Baba mdogo wa bwana harusi alikohoa, akasema mbuzi wameshafika na hawana hoja. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, polepole. Feza alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ni Mama Mapasa peke yake aliyeona jambo lingine.

"Bote mbili?" akasema. "Siku moja? Na miye nitabaki na nani?"

"Na miye," Prof akasema.

Walicheka wote, hata yeye mama, lakini niliona jinsi alivyomtazama baadaye, na Prof hakuthubutu kuyatazama macho yale. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama huyu aliambiwa ajifungue mapasa kwa mara ya pili.

Siku yenyewe nilifika nimechelewa kidogo kutoka shuleni. Zilikuwa siku zangu za mwisho kuishi karibu nao, kwani nilikuwa nimepangiwa shule nyingine, upande wa Kabambare, na vitu vyangu vilikuwa vimefungwa. Pikipiki mbili zilisimama mbele ya nyumba, moja imeelekezwa njia ya Kabambare, nyingine njia ya Kindu, zimepeana migongo. Godoro la Feza limefungwa kwa kamba za mpira. Masanduku ya Sifa yalitangulia jana yake pamoja na wageni. Wanawake wa mtaa walikuwa wakitwanga vinu vitupu na kuimba nyimbo za mapasa, zile zenye maneno ambayo siku nyingine ungechapwa kwa kuyasema.

Mabinti walitoka mlangoni bega kwa bega. Mlango ule ni mwembamba. Wakageuka ubavu, wakakwama, wakaanza kucheka na kulia, na shangazi akapiga kelele mtu asimsukume yeyote. Wakachomoka pamoja. Mama Mapasa aliwakumbatia wote kwa mkono mmoja mmoja, akawaweka kwenye pikipiki, kisha akaingia chini ya kitenge chake, kichwa kizima, akaketi chini. Alisema hawezi kuona.

Prof alipaswa kutoa ishara. Alisimama katikati, mkono juu. Nilimwona akimgeukia Sifa, akarudi kwa Feza, akamgeukia Sifa tena. Mtu asiyeweza kunywa chai na kusikiliza redio, leo awaage watoto wawili, huyu mashariki, huyu kaskazini. Mwisho akafumba macho kabisa, akashusha mkono.

Pikipiki ya Sifa ikaruka. Ya Feza ikakohoa, ikafa.

Motari wa Feza, yule dereva wa pikipiki, akapiga kiki, akapiga tena. Hakuna. Sifa alikuwa ameshafika karibu na kanisa, haangalii nyuma kwa sababu shangazi alimkataza kuangalia nyuma. Motari akainama, jasho linamtiririka, akagundua alisahau kufungua bomba la petroli. Sisi wote tuliona. Nikamtazama shangazi, mwenye sheria. Shangazi akajaza kifua, akapiga kigelegele kirefu ambacho sijawahi kusikia kingine kama hicho, akawapungia wanawake mkono, waongeze, waongeze, na vinu vikapigwa mpaka ardhi ikatetemeka. Chini ya kelele hiyo pikipiki ya Feza ikawaka, ikaondoka, ikapotea kwenye kona.

Vinu vikanyamaza. Prof alikuwa bado amefumba macho, lakini masikio hayana kope, na alikuwa karibu na pikipiki ile kuliko sisi sote. Alipoyafumbua hakuangalia barabara yoyote. Mama Mapasa akatoka ndani ya kitenge, uso umelowa, akaona njia zote mbili tupu.

"Baba," akasema. "Balitoka pamoja?"

Prof alifungua mdomo. Akaufunga. Nilimwona akijaribu tena, na nikajua kwamba hawezi. Angeweza kumpa mkewe chochote duniani, lakini si neno hilo. Mama akangoja, mikono imeshika ncha za kitenge. Watu wote uani wakatazama miguu yao. Ndipo Prof akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "mujibu mama."

"Pamoja, Mama," nikasema. "Kwa mara moja. Hakuna aliyetangulia."

Mama Mapasa akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso, akainuka kwenda kuwaandalia watu chakula. Prof alinitazama, macho yamejaa maji. Kisha akasogeza kiti kilichokuwa karibu naye, akasema kwa sauti ile aliyoitunza kwa mwanafunzi aliyejibu sawasawa na sasa anaruhusiwa kuketi:

"Très bien. Ikala."